Akiba Hungoja Nini? Lugha ya Nyumbani, Fedha za Wanafunzi na Utafiti wa Udhibiti wa Majanga

1.0 Utangulizi

Swali "Je, una tabia ya kuweka akiba?" linaonekana kuwa jepesi. Mtafiti anayetaka kujua mazoea ya kifedha ya wanafunzi wa chuo kikuu huliweka mapema katika hojaji yake, hulitafsiri kutoka Kiingereza pasi na wasiwasi, kisha huhesabu waliojibu ndiyo na waliojibu hapana. Makala haya yanadai kwamba swali hilo, likiulizwa kwa Kiswahili, haliulizi kile ambacho mtafiti anadhani ameuliza. Akiba si jina la fedha yoyote ambayo haijatumiwa. Ni jina la kitu kilichowekwa kando kikingojea upungufu. Mzungumzaji anayeulizwa habari za akiba huwa ameulizwa pia, ndani ya neno lilo hilo, habari za siku ya shida: itakuja kwa sura gani, nani ataitambua, na nani atatoa ruhusa ya kufungua kilichowekwa.

Suala hili lina uzito nje ya semantiki. Mwanafunzi anayejibu "sina" huandikwa katika majedwali kuwa mtu asiyejali kesho yake. Majedwali hayo hufika kwa walezi, wakopeshaji na wapangaji wa elimu, na mwishowe humrudia mwanafunzi kwa sura ya mawaidha juu ya ubadhirifu. Ikiwa kosa limo katika tafsiri ya swali, mawaidha hayo yanamwendea asiyehusika.

Hoja ya makala inajengwa kwa data ya aina mbili: matumizi ya kawaida ya msamiati wa fedha na shida katika Kiswahili cha Tanzania, na kwa kiasi fulani cha Kenya, na sentensi za mfano ambazo msemaji yeyote wa lugha hii anaweza kuzipima kwa sikio lake mwenyewe. Hakuna takwimu mpya zinazotolewa. Linalochunguzwa ni chombo ambacho takwimu hukusanywa kwacho.

2.0 Nyanja mbili zisizosalimiana

Utafiti juu ya namna familia inavyomfunza kijana matumizi ya fedha umekua sana tangu miaka ya 1980. Katika makala yao ya mwaka 2006, Webley na Nyhus, wakitumia takwimu za kaya za Uholanzi, walionyesha kwamba tabia ya wazazi, kama vile kuzungumza na watoto juu ya fedha, ina athari ndogo lakini iliyo wazi katika uwekaji wa fedha wa watoto hao, hata wanapokuwa watu wazima. Shim na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwachunguza wanafunzi 2,098 wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani. Waliona kwamba mchango wa wazazi ulikuwa mkubwa kuliko ule wa uzoefu wa kazi na wa masomo ya fedha ya sekondari vikijumlishwa pamoja. Mwaka 2011 Gudmunson na Danes walipendekeza kutenganisha mafunzo yanayotolewa kwa makusudi na yale yanayopatikana katika mahusiano ya kila siku bila mtu kukusudia kufundisha. Tofauti hiyo ina manufaa kwa mwanaisimu, kwa sababu sehemu kubwa ya mafunzo ya aina ya pili hupita katika usemi: katika maagizo, makatazo, vijembe, na majina ambayo familia huzipa fedha zake.

Nyanja ya pili ni ile ya udhibiti wa majanga. Hermann, mwaka 1963, aliliainisha janga la taasisi kwa sifa tatu: linatishia jambo linalothaminiwa sana, halikutarajiwa, na muda wa kuamua ni mfupi. Fink, katika kitabu chake cha mwaka 1986, aligawa mwenendo wa janga katika hatua nne, kuanzia dalili, kupitia mlipuko wenyewe na athari zinazoendelea, hadi utatuzi. Weick, akiandika mwaka 1988 juu ya ajali ya gesi ya Bhopal, India, ya mwaka 1984, alieleza kwamba watu waliomo ndani ya janga hushiriki kuliumba kwa hatua wanazochukua wakati bado wanajaribu kulielewa. Coombs naye, mwaka 2007, alijenga nadharia kuhusu namna taasisi inavyopaswa kusema na umma baada ya janga, kulingana na kiasi ambacho umma unaiona taasisi kuwa na lawama.

Nyanja hii ilizaliwa viwandani, serikalini na katika makampuni makubwa, na vielelezo vyake bado vinatoka huko. Familia haionekani ndani yake kama taasisi inayodhibiti majanga. Huonekana kama kundi la waathirika. Nyanja ya kwanza, kwa upande wake, humtazama mwanafunzi anayeweka fedha kana kwamba anaweka katika hali ya hewa tulivu, na janga linapotokea huwa ni ajali ya utafiti. Ndivyo ilivyowatokea watafiti wa Arizona wenyewe: walianza kukusanya takwimu zao mapema mwaka 2008, na kabla mwaka haujaisha mtikisiko wa fedha ulikuwa umeenea duniani. Walirudi kwa washiriki wao mwaka 2009 ili kupima athari zake. Bahati hiyo mbaya ikawa na faida kwa elimu. Hata hivyo, haikuondoa dhana kwamba uwekaji wa fedha ni jambo moja na janga ni jambo jingine linalouvamia kutoka nje.

Kiswahili hakiuweki mpaka huo mahali hapo.

3.0 Akiba na jamaa zake

Neno akiba lina asili ya Kiarabu na huhusishwa na mzizi wenye maana ya kufuata nyuma, kuja baada ya kingine. Etimolojia haithibitishi maana ya leo, na wapo waandishi wanaoitegemea kupita kiasi. Ushahidi bora umo katika matumizi ya sasa. Tazama virai hivi:

(1) mchezaji wa akiba
(2) jeshi la akiba
(3) chakula cha akiba
(4) akiba ya fedha za kigeni
(5) kuweka akiba ya maneno

Mchezaji wa akiba hukaa benchi mpaka mwenzake aumie au achoke. Jeshi la akiba huitwa lile la kawaida lisipotosha. Chakula cha akiba hungoja ukame au mvua zilizozidi, na Benki Kuu hutunza akiba ya fedha za kigeni ili nchi isikwame mauzo yake ya nje yakiporomoka. Mfano (5) ndio wenye mafunzo zaidi kwa sababu hauna mali ndani yake. Mtu anayeshauriwa kuweka akiba ya maneno haambiwi alimbikize maneno ili siku moja anunue kitu. Anaambiwa asiseme yote leo, kwani hajui kesho atakutana na nani katika hali gani. Katika mifano yote mitano, akiba ni kitu ambacho kutokutumika kwake ndiyo kazi yake, hadi upungufu ulioogopwa utokee.

Fedha zinazowekwa kwa lengo linalojulikana huitwa kwa namna nyingine. Nyumbani husikika "hela ya ada", "hela ya bati", "hela ya kodi", "hela ya mahari". Lengo hutajwa, na lengo likishatajwa neno akiba halina nafasi. Mabadilishano yafuatayo hayamshangazi msemaji yeyote:

(6) – Si una akiba kule benki?
 – Hiyo si akiba, hiyo ni ya ada.

Jibu hili lingekuwa kichekesho iwapo akiba ingekuwa na maana ya fedha zozote ambazo hazijatumiwa. Halichekeshi, kwa sababu msemaji anatofautisha fedha ambazo siku yake inajulikana na fedha ambazo siku yake haijulikani. Mwanafunzi mwenye shilingi 300,000 alizozikusanya mwaka mzima ili anunue kompyuta anaweza, kwa ukweli mtupu, kujibu kwamba hana akiba.

Vitenzi navyo vina mgawanyo wao. Kudunduliza ni kuweka kidogo kidogo, na mkazo wake uko katika udogo wa kila kinachowekwa. Kulimbika ni kungoja kitu kifikie kiasi, kama maji yanayoachwa yajae kisimani, na kulimbikiza kunakotokana nacho kumekwisha kupata harufu ya uchoyo, hasa kikiambatana na neno mali. Kujinyima na kujibana huelekeza macho kwa mwekaji na maumivu yake. Kibubu, chombo cha kutunzia fedha ambacho watoto wengi hujifunzia kuweka, kina umbo la udogishi la bubu, na wasemaji wengi hulihusisha jina hilo na kitu kisichosema. Kibubu hakifunguliwi. Huvunjwa. Kitenzi hicho hicho kimehamia katika vikundi vya kuweka na kukopa vinavyojulikana kama vikoba: wanachama huvunja kikoba mwishoni mwa mzunguko, ingawa hakuna kinachopasuka. Kuvunja kunadokeza kwamba kilichowekwa kilikuwa kimefungwa kwa namna ambayo mtu mmoja, kwa hamu ya siku moja, asingeweza kukifungua bila ushahidi kubaki.

Neno upatu linastahili maelezo ya peke yake. Kamusi huliandika pia kwa maana ya sahani ya shaba inayopigwa ngomani, lakini kwa wengi ni utaratibu ambao watu huchanga kiasi sawa kila wiki au kila mwezi, na mmoja hupokea jumla kwa zamu. Mwaka 2009, mpango wa fedha wa DECI uliokuwa umevutia maelfu ya watu nchini Tanzania ulipositishwa na Serikali, magazeti yaliuita upatu, na tangu hapo neno hilo limekuwa na kivuli cha jinai. Wanawake waliokuwa wakicheza upatu kwa miaka mingi pasipo kumdhulumu mtu wamezidi kusema mchezo, au kikoba. Kenya husemwa chama. Ni mfano mzuri wa namna janga la umma linavyoweza kuiba jina la desturi njema.

Katika mchezo huo kuna udhibiti wa majanga ambao haujaandikwa popote. Mwanachama aliyefiwa au anayeuguza huomba kupokea kabla ya zamu yake, na mwenye zamu humwachia. Kikundi hupima kama sababu ni ya kweli, huamua katika muda mfupi, na hugawa hasara. Sifa tatu za Hermann zimo zote. Lakini mtoto wa mwanamke huyo, akiulizwa na hojaji kama mama yake huweka akiba, huenda akasema hapana. Mama yake hucheza.

4.0 Sarufi ya agizo la nyumbani

Kuna dai jingine linalogusa lugha na uwekaji wa fedha, na haliwezi kupitwa kimya. Mwaka 2013, mwanauchumi Keith Chen alichapisha makala akidai kwamba wasemaji wa lugha ambazo sarufi yake huwalazimisha kuweka alama ya wakati ujao huweka fedha kidogo kuliko wasemaji wa lugha zisizowalazimisha. Kwa hesabu zake, kaya za kundi la pili zilikuwa na uwezekano wa asilimia 31 zaidi wa kuwa zimeweka fedha katika mwaka wowote. Alieleza kwamba sarufi inayotenga wakati ujao humfanya msemaji auone uko mbali. Kwa kigezo chake, yaani sentensi za utabiri kama zile za hali ya hewa, Kiswahili huangukia katika kundi la kwanza: husemwa "kesho mvua itanyesha", na kiambishi -ta- hakiondoleki. Roberts, Winters na Chen mwenyewe, mwaka 2015, walionyesha kwamba uhusiano huo hudhoofika ukoo na ujirani wa lugha unapozingatiwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka kwamba aliwahi kusikia hukumu kama hiyo ikitolewa kwa sababu iliyo kinyume. Mwaka 1969, John Mbiti, katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani kueleza dhana ya wakati, akadai kwamba lugha za Afrika Mashariki alizozichunguza hazina namna ya kutaja wakati ujao ulio mbali, na kwamba ujao huo karibu haupo katika fikra za jadi. Gyekye alimpinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa Kiakani. Kwa Mbiti, Mwafrika haitazami kesho ya mbali kwa kuwa sarufi yake haina ujao wa kutosha. Kwa mantiki ya Chen, msemaji wa Kiswahili haiwekei kesho kwa kuwa sarufi yake ina ujao mno. Nadharia mbili zinazoanzia ncha mbili zinazopingana na kufikia mlango mmoja zinapaswa kutiliwa shaka zote mbili.

Kosa la pamoja ni kudhani kwamba kesho huishi katika njeo. Tuchukue maneno ambayo mzazi humwambia mwanawe anapompeleka stendi kwenda chuoni:

(7) Hela ya ada haiguswi, mwanangu.
(8) Ukipata kumi, saba kula, tatu weka.
(9) Likikufika jambo, nipigie.
(10) Huijui kesho.

Hakuna -ta- hata moja. Sentensi (7) iko katika kauli ya kutendwa, kanushi, na mtenda hatajwi. Haisemi "usiiguse", ambayo ingekuwa amri ya mama huyu kwa kijana huyu. Inasema kwamba fedha ya aina hiyo, kwa tabia yake, si kitu cha kuguswa na yeyote. Amri hujificha ndani ya maelezo. Kijana akikiuka, huwa ameivunja kanuni ya vitu vilivyo, na hilo ni zito kuliko kumuudhi mama. Sentensi (8) na (9) zinasimama juu ya kiambishi cha masharti -ki-, ambacho hakisemi kama jambo litakuwa au halitakuwa. Kinaliweka mbele ya msikilizaji kama mlango ulio nusu wazi. Sentensi (10) inakana ujuzi, haikani wakati.

Iwapo kuna sarufi ya akiba katika Kiswahili, basi imo humu: katika masharti, ukanushi na kauli ya kutendwa. Kiambishi -ta- chenyewe, ambacho kwa kawaida huelezwa kuwa kimetokana na kitenzi taka, kina kazi nyingine nyumbani. Hutumika zaidi kuahidi, na ahadi ni kitu ambacho wazazi wenye busara hukiepuka panapohusika fedha.

Sentensi (9) ndiyo kiini cha suala hili. Mzazi hamwambii kijana afanye nini jambo likimfika. Anamwambia ampigie. Neno jambo limeachwa wazi kwa makusudi. Haki ya kulipa jina kamili, kuliita shida, dharura au upuuzi, inabaki nyumbani.

5.0 Nani hutangaza dharura?

Msamiati wa Kiswahili wa hali mbaya ni mpana na una ngazi. Chini kabisa lipo jambo, kisha shida, ambayo kwa adabu hupunguzwa: "nina shida kidogo". Juu yake kuna tatizo, dhiki, dharura, halafu msiba, maafa, janga. Mgogoro, ambalo baadhi ya watafsiri hulitumia kwa kila hali ya hatari, kwa masikio ya wengi ni ugomvi wa pande mbili, kama ule wa ardhi au wa wafanyakazi na mwajiri. Mtikisiko na msukosuko ni sitiari, moja ya ardhi na nyingine ya kutupwa huku na huko, na zimekubalika zaidi katika habari za uchumi. Serikali ya Tanzania ina Idara ya Menejimenti ya Maafa, na chini ya jina hilo mtu hutarajia mafuriko na tetemeko. Hatarajii ada iliyokosekana.

Kijana anayepiga simu nyumbani huipanda ngazi hii kwa uangalifu. Huanza na shikamoo, huitikiwa marahaba, huulizia wadogo zake na mifugo, ndipo husema kuna jambo. Mzazi huuliza maswali, na mwishoni mwa mazungumzo jambo limepata jina. Mafunzo ya fedha anayoyapata kijana katika dakika hizo kumi ni mengi kuliko yale ya somo lolote la darasani: anajifunza ni hali zipi huvunja kibubu, zipi huambiwa "vumilia, mwanangu", na zipi hufanya shangazi aombwe mchango. Mzigo hupita pande zote mbili. Siku nyingine simu hutoka nyumbani, msiba umetokea, na mwanafunzi ndiye anayetakiwa kutoa.

Hapa ndipo fedha za kujikimu za wanafunzi zinapoingia. Nchini Tanzania fedha hizo hutolewa kama mkopo na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Kenya ilikuwa imeanzisha bodi yake kwa sheria ya mwaka 1995. Wanafunzi wa Tanzania huziita bumu. Bumu hutoka, bumu huingia, bumu hukata. Katika sentensi zote hizo bumu lenyewe ndilo kiima, mfano wa mvua. Ni fedha isiyo na mzazi. Hakuna aliyesema kwamba haiguswi, na hakuna wa kupigiwa kabla ya kuigusa. Ni kawaida kusikia watu wakiwalaumu wanafunzi kwa kulitumia bumu kwa pupa, na lawama hiyo mara nyingine ni ya haki. Lakini sehemu ya bumu inayotumwa nyumbani kumalizia ada ya mdogo mtu au kuchangia matibabu huonekana katika hojaji kama matumizi. Mwanafunzi aliyeituma ameiweka mahali ambapo akiba ya familia hukaa, yaani katika haki ya kusaidiwa zamu yake ikifika. Huo ndio uwekaji aliofundishwa.

Mwaka 2020 ulizijaribu familia hizi kwa pamoja. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 16 Machi. Siku mbili baadaye vyuo vikuu vikaamriwa kufungwa, na vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Kenya nayo ilifunga vyuo vyake Machi hiyo hiyo. Kwa mtazamo wa udhibiti wa majanga uamuzi huo unaeleweka: msongamano wa mabweni ulikuwa hatari. Kinachokosekana katika mjadala ni kwamba utekelezaji wake ulitegemea taasisi ambayo haikutajwa. Mpango wa dharura kwa mwanafunzi ulikuwa ni nyumbani kwao. Nauli ya ghafla, chakula cha mtu aliyeongezeka, simu ya kutafutia habari za masomo, vyote viliangukia kwenye fedha ambazo hojaji zilikuwa zimekwisha kuandika kwamba hazipo.

Mshindani mpya wa mzazi katika kutangaza dharura ni simu yenyewe. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na juu yake zikajengwa huduma za kuweka na kukopa. M-Shwari ya mwaka 2012 ilichukua jina la utulivu wa bahari. Fuliza, iliyokuja mwaka 2019, ilichukua kitenzi chenye maana ya kuendelea kufanya jambo mfululizo. Tanzania ina Songesha. Majina haya yamechaguliwa na watu wanaoijua lugha. Hakuna linalotaja shida wala deni. Yanataja mwendo usiokatizwa. Mtu anayefuliza hakwami, na asiyekwama hana jambo la kumpigia mama. Salio likipungua, huduma hulipa pengo bila kuuliza sababu, na ngazi yote ya jambo, shida, dhiki hurukwa kwa kubonyeza mara mbili tatu. Watu mitaani wamekuwa wepesi kuliko wataalamu kulijibu hilo. Mikopo ya riba kali inayotolewa haraka haraka wameipa jina la kausha damu, na kwa jina hilo wameirudisha kwenye ngazi ya majanga ambako watangazaji wake hawakutaka ionekane.

6.0 Hojaji na tatizo la tafsiri rejeshi

Watafiti makini watajibu kwamba wanayo kinga: hojaji hutafsiriwa kwa Kiswahili na mtu mmoja, hurudishwa kwa Kiingereza na mwingine, kisha matini mbili hulinganishwa. Mbinu hiyo, iliyofafanuliwa na Brislin mwaka 1970, hukamata makosa mengi. Haiwezi kulikamata hili. Kamusi zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, zinalinganisha akiba na neno lile lile la Kiingereza, kwa hiyo matini itarudi salama hata kama maana ilibaki njiani. Tafsiri rejeshi hupima uaminifu wa watafsiri kwa kamusi. Haipimi uaminifu wa kamusi kwa wasemaji.

Dalili nyingine ya kasoro hiyo ni kirai mfuko wa dharura, kinachoenea katika vijitabu vya elimu ya fedha. Kijitabu humwambia kijana aweke akiba, kisha, pamoja na akiba, awe na mfuko wa dharura. Kwa mwandishi aliyefikiri kwa Kiingereza hayo ni mambo mawili. Kwa msomaji aliyelelewa na sentensi (7) hadi (10), ushauri huo ni sawa na kuambiwa achukue mwavuli na, zaidi ya hapo, kitu cha kujikinga na mvua. Vikundi vya vikoba vimeliona tatizo na kulitatua kwa maneno ya nyumbani: hisa ni hisa, na fedha za matatizo ya wanachama hukaa katika mfuko wa jamii.

Hojaji inayotaka kupata ukweli ingeanza na vitu badala ya dhana. Ingeuliza: Je, una fedha ambazo huzigusi? Ni za nini? Likikufika jambo leo usiku, utampigia nani kwanza? Ni mambo gani yakitokea hutahitaji ruhusa ya mtu? Mara ya mwisho kuvunja kilichowekwa ilikuwa lini, na nani alisema kivunjwe? Je, kuna mtu ambaye, akikupigia yeye, huwezi kumwambia huna? Maswali haya yanachukua nafasi kubwa zaidi ya ukurasa, na majibu yake ni magumu kuyahesabu. Lakini yanampa mtafiti wa majanga na mtafiti wa uwekaji wa fedha data moja, ambayo kila mmoja sasa anaitafuta kivyake.

Limebaki neno moja ambalo walinzi wa Kiswahili fasaha hulikunjia uso. Vijana wa vyuoni, Dar es Salaam na Nairobi pia, husema kusevu. Kwa kawaida hulaumiwa kwamba wanakopa pasipo haja ilhali kuweka akiba kupo. Matumizi yao hayaonyeshi hivyo. Linganisha:

(11) Nasevu ninunue simu.
(12) ?Naweka akiba ninunue simu.
(13) Weka akiba, dunia haitabiriki.
(14) ?Sevu, dunia haitabiriki.

Sentensi (11) ni ya kila siku. Sentensi (12) ina harufu ya tangazo la benki. Kati ya (13) na (14), ile ya kwanza ndiyo ambayo mzazi angeweza kuitamka bila kuchekwa. Vijana wamekopa kitenzi ili kujaza pengo ambalo wazazi wao walilijaza kwa kutaja lengo lenyewe, hela ya bati, hela ya ada, na hawakuligusa neno akiba katika kazi yake ya zamani. Kamusi zitakapolikubali neno kusevu, fasili ya "weka akiba" haitalifaa.